Sukari ya Waringa

Mimi nina wivu, na sijawahi kuuficha. Hata mtungi wangu wa maji sipendi mtu mwingine aufunike. Nilipokuwa msichana ndugu zangu walinicheka, wakasema atakayemuoa Dorca itabidi aombe ruhusa kabla ya kusalimia watu barabarani. Akaja Ondiek, fundi wa kuchomelea mageti hapa Nyalenda, Kisumu, akanioa bila kuomba ruhusa yoyote. Tukapata binti, Becky, na miaka tisa iliyopita mwili wa Ondiek ukaacha kutengeneza insulini.

Mwili ulikuwa wake lakini ugonjwa ulikuwa wetu wawili. Yeye alijifunza kuchomwa, mimi nikajifunza kuchoma. Kila asubuhi alikaa kwenye kiti cha jikoni, akatoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kijiti cha mashine, na kabla hata hajafuta kidole aliniambia namba. "Mama Becky, sita nukta nane." Nami nikajua siku yetu itakuwaje. Chini ya tano, namkorogea uji na kumkalia mpaka amalize. Juu ya kumi na tatu, namkatia ugali, naupima kwa bakuli langu la bluu na hakuna kuongeza. Friji hatukuwa nayo. Dawa yake niliitunza kwenye chungu kidogo kilichokaa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga, na mchanga ule niliulowesha maji asubuhi na jioni. Wanawake wengine huambiwa wanapendwa. Mimi niliambiwa namba, na ilinitosha.

Na sukari ikishuka, Ondiek hakuwa Ondiek. Jasho baridi lilimtoka, midomo ikamtetemeka, na akawa mbishi wa kupindukia. "An maber," alisema, niko sawa, huku anajaribu kuvaa kiatu mkononi. Sikubishana naye. Nilichukua glukosi, nikamwambia fungua mdomo, naye akafungua. Hakuniuliza ni nini. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza hata mara moja.

Halafu akaanza kukimbia. Kwanza ilikuwa ushauri wa kliniki, atembee kidogo jioni. Kutembea kukawa kukimbia mpaka Dunga, na Dunga ikawa haitoshi. Wakati mwingine alirudi sukari imeshuka, anayumba kama mlevi wa saa nne asubuhi, na majirani wakanionea huruma kwa sababu isiyokuwa yenyewe. Nilimkataza. Akacheka. Ondiek ukimkataza kitu umemwonyesha njia.

Ndipo kwenye foleni ya kliniki alipokutana na Waringa.

Waringa anauza viatu vya mitumba soko la Kibuye. Wazazi wake walitoka upande wa Nyeri, lakini yeye alizaliwa hapa hapa mjini na anajua bei ya samaki wa mbuta kuliko mimi. Ana kisukari tangu darasa la tatu, naye hukimbia. Ni mrefu, miguu imenyooka, anacheka kwa sauti, na hana mume. Hilo la mwisho nililijua kabla sijajua jina lake.

Wakaanza kukimbia pamoja, siku tatu kwa wiki, alfajiri. Na mume wangu akaanza kuniletea mafundisho nyumbani.

"Leo nachoma tumboni," aliniambia asubuhi moja. "Siku ya kukimbia hakuna kuchoma paja. Paja ikifanya kazi, dawa inaingia haraka, sukari inaanguka."

"Ati nani amesema?"

"Waringa."

Mimi nilikuwa nimemchoma paja hilo miaka tisa. Nilikuwa nalijua paja lile, wapi pagumu, wapi panauma, na sasa muuza viatu ananiambia nimekuwa nikikosea. Kibaya zaidi ni kwamba alikuwa sahihi. Alimfundisha kupunguza dozi kabla ya mbio, kupima kabla ya kufunga kamba za viatu, kula kidogo kidogo njiani bila kungoja njaa. Ondiek akaacha kurudi akiyumba. Alirudi amenyooka, namba sita, namba saba, anapiga mluzi. Mke mwenye akili angemshukuru Mungu. Mimi nilikaa jikoni nikaukanda unga wa chapati kwa ngumi mpaka ukaomba msamaha.

Mwezi wa pili joto lilizidi, hata mchanga wa chungu changu ukawa vuguvugu. Siku moja nikafungua kifuniko nikakuta chupa moja tu, ile anayotumia. Za akiba hazikuwepo.

"Ziko kwa friji," Ondiek alisema.

"Friji ya nani?"

"Ya Waringa. Hii joto itaharibu dawa, Mama Becky."

"Na hiyo friji iko wapi? Sokoni?"

"Kwake. Manyatta."

Niambie, wewe unayesoma, ungefanya nini? Nilisema "sawa" na nikafunika chungu. Lakini usiku huo nilihesabu: dawa ya mume wangu imelala Manyatta, nyumbani kwa mwanamke, na mwenye dawa hawezi kukaa mbali na dawa yake. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wangu alikuwa ndani ya friji.

Na bado hilo halikunichoma kama la namba. Asubuhi moja ya mwezi wa nne aliketi kwenye kile kiti, akatoboa kidole, akaangalia mashine, na badala ya kufungua mdomo akachukua simu. Akaandika kitu. Simu ikalia, akatabasamu, akaandika tena. Mimi nimesimama na mwiko.

"Ngapi?" nikauliza.

"Eh? Saba nukta moja."

Namba yangu ilikuwa imefika Manyatta kabla haijavuka meza. Siku ile uji uliungua na sikuufuta.

Sikuwahi kuwafumania. Niliwafuata mara mbili nikijificha nyuma ya vibanda, mtu mzima, leso kichwani, na nilichokiona ni watu wawili wanakimbia na kuhema. Mara ya pili nilimsikia Waringa akimwambia "Chiem!" kwa Kijaluo, kula, na Ondiek akatoa kitu mfukoni akala huku anakimbia, mtiifu kama mtoto wa chekechea. Alikuwa amejifunza neno moja la lugha yetu na lilikuwa neno langu. Ningewakuta wamekumbatiana ningejua la kufanya. Hili sikujua nalifanyia nini.

Basi yakatangazwa mashindano. Kilomita arobaini na mbili, kutoka Awasi mpaka mjini Kisumu, Jumapili. Wote wawili wakajiandikisha.

Jumamosi jioni Ondiek alipanga vitu vyake mezani: viatu, mashine ndogo, vijiti, na mkanda wa kufunga kiunoni wenye vifuko vya zipu. Nikamuuliza, "Glukosi yako iko tayari?" Akasema, "Iko tayari, usijali," akachukua taulo akaenda kuoga.

Nikafungua zipu ya mkanda.

Ndani mlikuwa na vipakiti vitatu vya nailoni vyenye glukosi ya unga, kila kimoja kimefungwa fundo na kubandikwa kikaratasi. Mwandiko haukuwa wa Ondiek, maana Ondiek huandika kama anayechomelea. Ulikuwa mwandiko wa mviringo, mzuri. *W. Km 14. Kula.* Cha pili, *W. Km 21. Kula.* Cha tatu, *W. Km 28. Usibishane.*

Usibishane! Na nani anamwambia mume wangu asibishane? Miaka tisa mimi ndiye ninayemwambia asibishane. Nikaona Waringa amemfungia zawadi kama mke anayemfungia mume chakula cha safari, tena kaweka na sahihi yake juu ili nisije nikakosea ni ya nani. Yake Ondiek ameshasema iko tayari, nikajiambia, hatadhurika. Hii ni ya ziada. Hii ni ya mapenzi.

Nikavitoa vyote vitatu. Nikachukua njugu karanga nilizokuwa nimezikaanga mchana, nikazifunga kwenye nailoni, vipakiti vitatu ukubwa ule ule, nikavitia humo na kufunga zipu. Njugu zangu ndizo zilizomleta Ondiek kwenye kibanda changu cha njugu na chapati siku ya kwanza, kabla ya mahari na kabla ya kisukari. Akifungua njiani azione anikumbuke. Vile vya Waringa nikavitumbukiza kwenye mkoba wangu, nikatia juu yake leso na Biblia. Nilijisikia vizuri. Nikimwongopea mtu hapa nitakuwa najiongopea mwenyewe: nilijisikia vizuri sana.

Asubuhi Joram, jirani yetu wa bodaboda, alinipeleka Awasi ili nimwone Ondiek akianza. Kulikuwa na baridi na watu wengi wanaruka ruka. Nikawakuta wawili wale pembeni mwa barabara wanapima. Ondiek nane nukta tatu, Waringa tisa. Wakafurahi.

Kisha Waringa akapiga kiuno chake, mkanda wake ukalia. "Yako iko hapa. Yangu?"

Ondiek akapiga kiuno chake. "Iko."

Nikasogea karibu yao.

"Mnafanya nini?" nikauliza.

Waringa akanigeukia na lile cheko lake. "Mama Becky, hujui? Tunabebeana. Mimi nabeba sukari ya Ondiek, yeye anabeba yangu. Unajua sukari ikishuka kichwa ndio inalala kwanza. Ukibeba yako mwenyewe utasema uko sawa, utakimbia nayo mpaka uanguke. Mwenzako akibeba, akikuambia kula, unakula. Hakuna kubishana."

"Nimemwambia hiyo kitu ilitoka kwako," Ondiek akasema. "Nimemwambia kwangu glukosi haikai na mimi, inakaa na Mama Becky."

Mkoba ulikuwa begani kwangu. Ndani yake, chini ya Biblia, sukari yote ya Waringa.

Zilibaki dakika ishirini. Najua kwa sababu mtangazaji wa mashindano alitangaza kwa kipaza sauti, dakika ishirini, halafu kumi, halafu tano. Ningeweza kufungua mkoba. Ningeweza kusema nimekosea, nilidhani, samahani, na wangecheka, na mimi ningekuwa mpumbavu wa siku moja. Lakini niliwaza uso wa Waringa akijua kwamba nilipekua. Akijua kwamba namwogopa. Nikajiambia: kuna meza njiani, kuna soda. Nikajiambia: akikosa kidogo atajua kwamba mume wa watu si kabati la kuwekea vitu. Haya niliyasema moyoni nikiwa na akili zangu timamu, asubuhi, nimekunywa chai.

Bunduki ikalia wakaondoka.

Joram akanipeleka mpaka Rabuor, kilomita ya ishirini na tano hivi, tukangoja chini ya ukuta wa kibanda kilichofungwa. Watu wa kanisa walipita na sare zao. Wakimbiaji wa mbele wakapita kama upepo, halafu wa katikati, halafu wale wanaohema na kumtaja Mungu. Niliuliza mmoja kama meza za nyuma zina soda. "Soda?" akasema. "Mama, iliisha na wa kwanza. Ni maji tu."

Jua likapanda. Nilikaa nikasimama, nikakaa tena. Joram akaniuliza kama naumwa.

Saa tatu ilipokaribia nikawaona. Sikuwaona wakikimbia. Ondiek alikuwa amemshika Waringa kwapani, anamvuta, naye Waringa anamsukuma. Hatua thelathini kutoka nilipokuwa magoti yakamkatika, akakaa chini kwenye changarawe kando ya lami.

Nilikimbia. Sijakimbia tangu nimalize shule, lakini nilikimbia.

Uso wake ulikuwa umeloa jasho, na nilipomgusa shingo ilikuwa baridi. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuniona. Ondiek alikuwa anajaribu kufumbua ngumi yake ya kulia na hawezi, maana mikono yake mwenyewe ilikuwa inatetemeka.

"Yake haikuwa!" akanipigia kelele. "Nilifungua Ahero nikapata njugu. Njugu! Nilidhani nimechukua kitu si yenyewe. Tumegawa yangu nusu nusu, kumi na nne, ishirini na moja. Imebaki moja, ndio hii ameshika, hataki kula!"

"Ni ya Ondiek," Waringa akasema. Ulimi ulikuwa mzito. "Ishirini na nane bado. Ni ya Ondiek. Mimi niko sawa."

"Kula, Waringa! Chiem!"

"Niko sawa. Ni yako." Akajikunja juu ya ile ngumi kama anayelinda yai.

Nikaona kikaratasi kikichungulia katikati ya vidole vyake. *O. Km 28.*

Nitasema lililonipita kichwani, kwa sababu nimeshasema mengine. Joram alikuwa amekwenda kutafuta soda na niliona kwa mbali anagonga mlango uliofungwa. Kilikuwepo kile kipakiti kimoja. Ningemfumbua vidole kwa nguvu, mimi nimekanda unga miaka kumi na mbili, ningekitoa, angekula, angeinuka, na hakuna ambaye angejua milele. Njugu zingebaki fumbo. Lakini nikamtazama Ondiek. Midomo ilikuwa nyeupe. Alikuwa ameanza kutabasamu tabasamu lile la kipumbavu ninalolijua, na akasema, "Mimi niko maber." Kipakiti kilikuwa kimoja na watu walikuwa wawili.

Zipu ya mkoba wangu ina meno mabovu. Ikakwama. Nikaing'oa kwa nguvu, Biblia ikaanguka, leso ikaanguka, nikatoa vipakiti vitatu nikavishika mbele ya mume wangu, na vikaratasi vyake na mwandiko wa Waringa.

Nilikaa chini kwenye changarawe nikampakata Waringa, kichwa chake kifuani kwangu. Nikang'ata fundo la nailoni. Akapiga mkono wangu, nusu ikamwagika. Nikachovya kidole nikampaka ndani ya shavu, akaniuma. Nikafungua cha pili.

"Niko sawa," akasema.

"Kula," nikamsomea kikaratasi chake sikioni. "Kilomita ishirini na nane. Usibishane. Wewe mwenyewe ndiye umeandika. Usibishane."

Akatulia. Akafungua mdomo. Nikamlisha kidogo kidogo kwa kiganja, na maji, na tena kidogo, na jasho lake likaniloanisha blauzi yote. Alikuwa mwepesi. Miezi yote ile nilimwona mrefu kama nguzo ya stima, na sasa amenienea mapajani kama Becky akiwa na homa.

Baada ya muda nisiojua ni mrefu kiasi gani macho yake yakapata mahali pa kutua. Akanitambua, mimi, uso wangu, na jambo la kwanza alilosema ni, "Ondiek amekula?"

Ndipo ngumi ikafumbuka.

Ondiek akachukua kipakiti chake kiganjani mwa Waringa akala amesimama. Hakunitazama mpaka alipomaliza. Joram alirudi na chupa ya soda aliyoipata kwa mke wa mchungaji, akatutazama sote watatu, akaiweka chini polepole akarudi kwenye pikipiki yake bila swali.

Ondiek akampima Waringa. Mbili nukta tisa, na hapo tayari ameshakula. Akajipima. Tatu nukta nne. Hizo namba hakumwambia mtu, nilizisoma mwenyewe nikichungulia juu ya bega lake.

"Zilikuwa kwako," akasema. Hakuuliza.

"Zilikuwa kwangu."

"Tangu lini?"

"Tangu jana ukioga."

Akakunja nailoni tupu mara mbili, mara nne. "Basi pale Awasi ulikuwa nazo. Waringa akikueleza."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia hapo kwenye changarawe ya Rabuor. "Nilikuwa nazo," nikasema.

Hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Waringa ndiye aliyejiinua kwenye mapaja yangu, akakaa, akaokota kikaratasi kimoja akakiangalia, akaniangalia. Sukari ilikuwa bado imemganda pembeni mwa mdomo na hasira ilikuwa imeshampanda.

"Mama Becky," akasema, "kama ulikuwa unataka bwana yako, si ungechukua bwana yako? Sukari yangu ulikuwa unataka ya nini?"

Nikaokota Biblia na leso nikazipangusa vumbi.

Tulingoja dakika kumi na tano, tukapima tena. Yeye tano nukta mbili, Ondiek sita. Waringa akafungua mkanda wake akasema yeye ameishia hapo, lakini Ondiek amalize, kilomita kumi na saba si kitu, amefanya mazoezi miezi sita asitupe. Akamalizia soda iliyobaki.

Ondiek akatazama barabara ya kwenda Nyamasaria, upande wa mjini. Mguu mmoja ulikuwa umeshageukia huko.

"Na nani atabeba?" akauliza.

Alimwuliza Waringa. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, mkoba wazi mkononi, na kipakiti kimoja kilichobaki. Waringa akageuka akatazama lami. Basi Ondiek akafungua namba ya kifuani, pini moja moja, zote nne, akaikunja akaitia mfukoni.

Hayo yalikuwa mwezi wa sita. Ukiniuliza nilipata nini, nitakuambia nilipata vyote nilivyokuwa nikivitaka. Waringa hakimbii tena na mume wangu. Chupa za dawa alizirudisha wiki ile ile kwa mkono wa Joram, zimefungwa kwenye taulo lenye barafu, bila salamu, na sasa ziko kwenye chungu changu na mchanga naulowesha mara tatu kwa siku. Ondiek hukimbia peke yake, si mbali, mpaka Dunga na kurudi. Asubuhi hukaa kwenye kile kiti, hutoboa kidole, na namba huniambia mimi kwanza. Simu haiguswi. Hajanitukana na hajaenda kwao kunisema.

Jumanne iliyopita alirudi kutoka Dunga amechelewa. Nilimsikia akipapasa mlango kabla sijamwona. Shati lilikuwa limemshika mwilini, midomo inatetemeka, na mashine ilisema tatu nukta moja. Nikamkalisha. Nikachukua glukosi kwenye kabati, pakiti mpya ya dukani, nikaichana, nikaisogeza mdomoni mwake kama nilivyofanya mara mia.

"Fungua mdomo, Baba Becky."

Hakufungua. Alinishika kifundo cha mkono, polepole, bila ukali. Akaichukua ile pakiti kwa vidole vinavyocheza, akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, na macho yake yaliyokuwa hayaoni vizuri yakaanza kufuata maandishi, mstari kwa mstari.

Mimi nilipiga magoti pale na kijiko mkononi, nikangoja amalize kusoma.